Makoti ya Watangulizi

Bwana Chambuso hakuwa na koti. Hakuwa na mke, hakuwa na gari, hakuwa na jino moja la mbele, na hakuwa na mtu wizarani ambaye angemtaja jina mlangoni akapishwa. Hakuwa na cheo cha kutosha kuitwa mheshimiwa, wala unyonge wa kutosha kuachwa alale kwa amani. Hakuwa na maoni, kwa sababu katika nchi yake maoni yalikuwa na ofisi yake. Na hakuwa na kaka. Au tuseme kaka alikuwa naye, ila hakuwa na ruhusa ya kusema kwamba hayupo.

Hili la mwisho nitalieleza, maana wageni huwa hawalielewi haraka.

Kaka yake aliitwa Dachi. Alizaliwa na mkono wa kushoto mfupi, unaoishia karibu na pale wengine wanapokunjia kiwiko, na kwa mkono huo na mwenzake mzima alikuwa mpaka rangi wa mabehewa ya reli, mtu wa mizaha, mpenda kutafuna karafuu. Kitu kimoja tu kilimshinda, kupiga makofi. Akipiga, mlio ulitoka nusu. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumdhuru mtu, mpaka serikali ilipoanzisha Idara ya Makofi. Siku ya hotuba ya Mheshimiwa Kinara, mkuu wa nchi, juu ya mshikamano, afisa wa idara hiyo alipita kati ya safu na chombo chake cha kupimia, akasimama mbele ya Dachi, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kosa lilikuwa makofi pungufu. Wakamchukua kwa upole, wakaeleza kwamba anakwenda kuelekezwa, na nyumbani wakaambiwa wasimpikie jioni hiyo, atakula huko huko.

Hakurudi. Lakini nchi hiyo, lazima tuisifu, haipotezi watu. Mtu asipoonekana, Ofisi ya Safari humtambua kuwa yuko safarini kikazi. Bwana Chambuso na Stumai, mke wa Dachi, walikwenda pale kila mwaka baada ya mvua, na kila mwaka karani aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawaambia bado yuko safarini na kwamba akionekana atapewa salamu zao. Na kwa kuwa msafiri hajafa, sheria ilikataza kumlilia. Kuweka matanga ya mtu wa namna hiyo kuliitwa kumkatisha safari, na waliokamatwa wakilia walisafirishwa nao.

Kwa hiyo Stumai hakuweza kuvaa kaniki wala kukaa eda. Alilia akikata vitunguu, na majirani waliomhurumia walimletea vitunguu. Mlango hakuufunga komeo. Bwana Chambuso, aliyekaa chumba cha uani, alizoea kusikia shemeji yake akiongea jikoni na mtu asiyejibu, kisha akinyamaza kidogo kana kwamba amejibiwa.

* * *

Mambo ya makoti yalianza Mheshimiwa Kinara aliporudi kutoka ng'ambo amevaa kitu ambacho msafara wa mapokezi haukujua uanze kukisifia wapi. Kola yake ilikuwa kiunoni. Mfuko mmoja ulikuwa mgongoni, mahali ambapo mkono haufiki. Alieleza kwamba katika miji mikubwa ya huko kuna mafundi wanaoshona nguo zilizo mbele ya wakati wake, na kwamba alipoambiwa hivyo alichukia sana kusikia kuna kitu kilicho mbele yake.

Ikatoka amri. Kila mtumishi wa serikali, kuanzia karani wa daraja la tatu kwenda juu, ahudhurie sherehe za Siku ya Mbele akiwa na koti la aina hiyo. Asiyekuwa nalo atahesabiwa mtu wa nyuma. Watu wa nyuma hawakufukuzwa kazi. Waliambiwa tu wakae nyuma, na nyuma ya jengo la wizara hapakuwa na kitu isipokuwa barabara.

Kwanza ilibidi nguo hizo zipate jina la Kiswahili. Baraza la Istilahi likakutana katika hoteli yenye ubaridi wa kutosha. Wajumbe walilichunguza neno la kigeni, wakagundua kwamba asili yake ni kikosi kinachotangulia mbele ya jeshi, na baada ya mabishano makali juu ya chai wakatangaza kwa fahari: mavazi ya watangulizi.

Neno zuri. Likapelekwa kwa Afisa Manunuzi, mtu mnyoofu aliyelelewa vizuri na bibi yake, naye akalielewa kama ambavyo bibi yake angelielewa. Watangulizi ni wale waliotutangulia mbele ya haki. Hakuona ajabu serikali kutaka nguo zao. Alishaona serikali ikitaka mambo mengine. Tena alijua zilipo. Nyuma ya Ofisi ya Safari palikuwa na ghala refu lisilo na dirisha, limejaa makoti, na ufunguo wake ulikuwa umetundikwa hadharani kwa sababu hakuna aliyewahi kuutaka. Akaamuru ghala lifunguliwe, nguo zianikwe juani, zipigwe pasi, zitundikwe dukani.

Kosa likajulikana mapema. Lakini kulisahihisha kulihitaji mtu wa kutamka ama kwamba Baraza la Istilahi limekosea, ama kwamba ghala lipo. Mtu huyo hakupatikana.

* * *

Duka la Taifa la Watangulizi lilifunguliwa katika jengo lililokuwa kituo cha posta cha zamani. Bwana Chambuso, karani wa Idara ya Mizani, hakwenda kichwa kichwa. Alikwenda kwanza maktaba, akasoma magazeti ya mitindo, akajifunza namna ya kutazama vazi: kusimama mbali kidogo, kulaza kichwa, kunyamaza, kisha kusema kwamba vazi linathubutu. Alijizoeza mbele ya shuka lililoanikwa mpaka shuka lenyewe likaanza kumpendeza.

Ndani ya duka palikuwa na taa kali na kimya kizito. Makoti yalining'inia yakitazama upande mmoja, mlangoni. Feni hazikuwashwa, lakini hapa na pale mkono wa koti ulisogea, taratibu, kama wa mtu anayejigeuza usingizini. Pasi na jua havikuondoa harufu zote. Kila koti lilikuwa na sabuni yake, sabuni ya nyumba fulani. Mhasibu mmoja aliyekuwa akijaribu koti la bluu alitia mkono mfukoni, akautoa upesi, akaondoka bila kuaga. Nje alisema tu kwamba mfuko ulikuwa na joto.

Muuzaji, Bi Rozina, aliitwa Mshauri wa Mwonekano. Alikuwa msichana mchangamfu, amehudhuria mafunzo, na alipenda kazi yake. Alimpokea Bwana Chambuso kwa heshima, akamwita baba, akamwonyesha koti jeusi lenye tundu dogo kifuani.

"Tundu hili halikubahatishwa, baba," alisema. "Tazama lilivyo karibu na moyo, lakini mfuko haukuguswa."

Bwana Chambuso akalaza kichwa, akauliza juu ya ukingo wa tundu, ulioungua.

"Moto kidogo. Huo ndio umalizio wake. Na mgongoni kuna jingine kubwa zaidi. Mbunifu alitaka hewa ipite moja kwa moja."

Lilikuwepo lenye vifungo vilivyong'olewa vyote pamoja na nyuzi zake, ambalo Bi Rozina alilisifu kwa ulegevu wake wa makusudi. Lilikuwepo lenye kola iliyonyooshwa mno upande mmoja, kana kwamba mtu amevutwa nayo umbali mrefu. Hilo liliitwa mwendo. Lilikuwepo lenye madoa ya rangi ya kutu ambayo mafunzo yalikataza kuyafua. Bwana Chambuso alisema linathubutu.

Ndipo akapelekwa kwenye kioo, penye koti lililotundikwa peke yake. Lilikuwa la rangi ya ugoro. Mkono wa kulia ulikuwa mrefu kama wa makoti yote. Wa kushoto uliishia kwenye kiwiko, umepindwa vizuri.

Bi Rozina alieleza kwa sauti ya chini, kama wanavyoeleza waongozaji wa makumbusho, kwamba hicho ndicho kilele cha duka lote. Mbunifu alikuwa ameuliza swali ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza, nani alisema pande mbili za binadamu lazima zilingane. Kisha akafungua koti aonyeshe siri ya ndani: mfuko ulioshonwa kwa kitambaa kilichobaki cha ule mkono uliokatwa, na uzi wa manjano, rangi isiyoendana na chochote.

Bwana Chambuso aliujua uzi ule. Stumai alishona koti lile kwa ajili ya harusi yao, uzi wa kahawia ukamwishia kwenye mfuko, maduka yamefungwa, akamalizia na wa manjano, na Dachi akasema siku zote kwamba ana jua lake mfukoni. Akainama. Mfuko ulinukia karafuu.

Alisema atalichukua. Bi Rozina akasikitika; lilikuwa limewekewa Mkurugenzi Lyanga wa Idara ya Mizani. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wake Bwana Chambuso. Ndipo akauliza, akijitahidi sauti iwe ya mnunuzi wa kawaida, kama mwenye koti hatakuja kulidai siku moja.

Bi Rozina alikunja uso. Lilikuwa jambo la heshima ya duka.

"Baba, hapa ni serikalini. Hatuuzi nguo ya mtu aliye hai. Huo ungekuwa wizi."

Bwana Chambuso alinunua koti lisilo na vifungo, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono wake, akatoka nalo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

* * *

Nyumbani alimweleza Stumai yote. Mama yule alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuuchambua. Alitaka kujua jambo moja tu: huyo Rozina ni nani serikalini. Bwana Chambuso akajibu kwamba ni muuzaji.

"Basi bado hajafa," alisema Stumai. "Muuza duka hawezi kuniua mume, shemeji. Nitafutie mkubwa aseme. Aseme hadharani, watu wasikie, nipate kulia kama mke wa mtu."

Tangu hapo Bwana Chambuso hakuwa na haja nyingine. Lakini mkubwa gani angesema? Alizunguka ofisi. Kila alikoingia alikuta wakubwa wameshavaa makoti yao mapema, kuyazoea, na kila aliyevaa alikuwa na kitu kidogo kisicho sawa. Naibu Kamishna, aliyevaa la mwalimu fulani, alikuwa amesimamisha kikao kusahihisha sarufi ya wimbo wa taifa, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili. Msemaji wa Wizara aliketi na mikono nyuma ya kiti, viganja pamoja, na hakujua kwa nini hawezi kuitenganisha mpaka avue koti.

Katibu wa Soko Kuu ndiye aliyekuwa na furaha. Alimweleza kila mtu jinsi umma unavyompenda sasa. Mwanamke mmoja mzee, muuza mbaazi, alimfuata soko zima, hatua moja nyuma yake, mkono wake umeshika ncha ya koti, akimuuliza kwa sauti ndogo kama amekula. Katibu akamjibu kwamba amekula, mama, ahsante. Mwanamke akamuuliza mbona hakuja nyumbani. Katibu akacheka, akasema ni kazi, mama, ni kazi nyingi. Mwanamke yule akamwachia koti, akamfuta vumbi begani, akarudi kwenye mbaazi zake. Katibu aliagiza tukio hilo liandikwe gazetini.

* * *

Siku ya Mbele uwanja ulijaa. Watumishi walikaa safu za mbele kwa amri, makoti yao yakiwa yamewafaa au kuwakataa. Wananchi walikaa juu, wakiwa kimya kuliko ilivyotakiwa. Watu walikuwa wakitazama makoti, si nyuso. Mtu aliona koti, akainuka kidogo, akakaa tena.

Mkurugenzi Lyanga alikuwa amevaa lile la ugoro. Mkono wake wa kushoto ulitoka nje ya kiwiko mtupu, mweupe chini kama tumbo la samaki, akaushikilia magotini asijue la kuufanyia. Ilipofika zamu ya makofi alinyanyua mikono yote miwili kwa nguvu, na mlio ukatoka nusu. Akajaribu tena. Afisa wa Makofi akaja mbio, akasimama mbele yake, akasikiliza, akakitazama chombo chake, akaondoka upesi bila kutikisa kichwa.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Utamaduni, Mheshimiwa Kalunde, mtu wa sauti nene na sentensi ndefu. Alisema kwamba leo taifa liko mbele, tena liko mbele kiasi kwamba tukigeuka nyuma hatujioni. Alisema mataifa mengine hushona mavazi haya viwandani, lakini sisi tumeyapata kwa jasho la watu wetu wenyewe. Akasimama kidogo ili sentensi hiyo iandikwe.

Hapo ikaja aibu. Katika jukwaa la mabalozi mmoja wao alimnong'oneza mwenzake, na kipaza sauti cha meza kikayachukua maneno yake na kuyatupa uwanja mzima: kwamba amesikia mengi ya makoti haya ni ya bandia, kuna vijana mtaani wanachoma koti jipya kwa pasi na kulitoboa kwa msumari. Ilikuwa kweli, biashara hiyo ilikuwepo, na mtaani bei ya tundu ilikuwa imeshashuka.

Waziri Kalunde alivimba. Heshima ya taifa ilikuwa imeguswa mbele ya wageni.

"Bandia?" alisema. "Hakuna bandia hapa. Kila koti ni la mtangulizi wa kweli. Onyesheni lolote, nami nitaapa."

Bwana Chambuso alisimama. Hakuwa amepanga, miguu ndiyo iliyosimama, na kwa kuwa koti lake halikuwa na vifungo, lilifunguka mbele ya watu wote kama mlango.

"Mheshimiwa," alisema, "lile la Mkurugenzi wangu, lenye mkono mfupi. Lilikuwa la Dachi, mpaka rangi wa reli. Je, ametangulia?"

Waziri alimtazama msaidizi wake. Msaidizi alitazama mabalozi, akatikisa kichwa kukubali.

"Ametangulia."

"Kabisa, Mheshimiwa?"

"Ametangulia kabisa. Naapa kwa bendera."

Bendi ikapiga mstari mmoja wa shangwe. Bwana Chambuso akashukuru, akakaa; lakini hakukaa kwenye kiti, alikaa chini, kwenye nyasi.

Kabla bendi haijanyamaza, juu kabisa alisimama yule muuza mbaazi, akaonyesha kwa kidole chake koti la Katibu wa Soko, akataja jina la mwanawe, akauliza. Waziri, aliyeona mabalozi wameanza kuandika, aliapa. Akasimama mzee mmoja kwa ajili ya koti jeusi lenye tundu. Wakasimama mabinti wawili pamoja, wameshikana. Na hili, Mheshimiwa? Ametangulia. Na lile la bluu? Ametangulia. Na hilo ulilovaa wewe? Waziri akajitazama kifuani, akasema nalo pia, la kwanza kabisa, hakuna shaka. Kila aliyejibiwa alikaa chini. Uwanja ukawa unashuka safu kwa safu, kama vile watu wanavyokaa kwenye mikeka, mpaka waliobaki vitini wakawa wenye makoti peke yao, wamewekwa wazi, na wengine wao walikuwa wameanza kuyavua na vidole haviwatii.

Gazeti la serikali liliandika kwamba umma uliguswa na ubunifu kiasi cha kushindwa kusimama.

* * *

Stumai alisikia habari kabla ya shemeji yake kufika, kwa kuwa sauti ya Waziri ilikuwa redioni. Bwana Chambuso alimkuta amevaa kaniki. Mchele alikuwa ameurudisha kwenye gunia. Kilio chake, majirani walisema baadaye, hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kirefu tu, kama mtu anayetua mzigo polepole asije akauvunja.

Alipomaliza alinawa uso, akasema lipo jambo bado. Katika mji wao anayeleta habari ya kifo ndiye anayefungua matanga. Huketi kwenye mkeka kati ya wafiwa, huulizwa marehemu alifia wapi, nani alimwosha, na amelazwa wapi. Naye hujibu yote. Asipokuja, moto wa matanga hauwashwi, na wafiwa humfuata aliko, wakakaa mlangoni pake mpaka atoke.

Bwana Chambuso alisema taratibu kwamba mleta habari ni Waziri.

"Ndiyo," alisema Stumai. "Kwani yeye hana miguu?"

Wakaketi, yeye akisema na shemeji yake akiandika kwa mwandiko wake bora:

"Mheshimiwa Waziri, tumepokea taarifa yako ya kifo cha Dachi, uliyoitoa kwa kiapo. Tunashukuru, kwa kuwa tulikuwa tumeuliza sana. Mkeka umetandikwa. Maswali ni matatu. Moto hatujawasha, tunakungoja wewe. Usipopata nafasi, tutakuja sisi."

Nyuma ya bahasha Bwana Chambuso aliandika jina lake lote na mtaa wake. Herufi zikakaa sawa.

Posta walikuta foleni imetoka nje mpaka barabarani. Haikuwa na zogo. Wanawake wengi walikuwa na kaniki, wanaume wamevua kofia, na kila mmoja ameshika bahasha. Yule muuza mbaazi alikuwa mbele yao kidogo. Karani wa dirishani, kijana mwenye macho mekundu, alikuwa ameacha kusoma anwani. Alipofikiwa na Stumai alimuuliza tu kama barua iende ya kawaida au ya haraka.

"Ya haraka, mwanangu," alisema Stumai.

Akalamba gundi ya bahasha mwenyewe, akaifunga, akaikandamiza juu ya meza kwa kiganja mpaka akaridhika kwamba imeshika. Karani akaigonga mhuri. Gunia nyuma yake lilikuwa limejaa. Ilibidi asimame, aisukume barua kwa mikono miwili ndipo ikaingia.